Kababu Zisizo na Pilipili

Mwanamume anayekamua kitunguu namna ile hakujifunza jana. Alikikuna chote kwenye bakuli, akakimimina katika kitambaa safi, akakisokota mpaka maji yakaisha. Wala machozi hayakumtoka. Darubini alisimama kando ya friji, mikono ameikunja kifuani, akimtazama kama anavyotazama sampuli iliyomletea majibu yasiyoeleweka.

Darubini halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa na wenzake wa maabara ya hospitali, kwa sababu kitu kikimpita yeye, basi hakikuwepo. Hata huyu Seremala, aliyekuja mwaka jana kutengeneza rafu za maabara na kukuta droo ya meza ya Darubini imekwama, alimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Akaitengeneza droo. Akarudi kesho yake kuangalia kama inateleza. Akarudi tena wiki iliyofuata kuangalia droo ambayo haikuwa na neno.

"Maji ya kitunguu yakibaki, kababu inavunjika kwenye kikaango," alisema sasa bila kugeuka.

"Nani kakufundisha?"

"Njaa."

"Njaa inamfundisha mtu kukaanga yai. Haimfundishi kukamua kitunguu."

Seremala akacheka. Kicheko chake ndicho kilichokuwa tatizo. Kilianzia kifuani, kikapanda polepole, na kila mara kilimkuta Darubini hajajiandaa. Mwezi uliopita alikuwa amemwambia, "Nataka nikuoe, lakini nataka mama yako anikubali kwanza," na Darubini akamjibu kuwa mama yake hakubali mtu, hukubali chakula. Basi ndiyo hii. Jumamosi mchana, mwanamume na aproni ya watu, jikoni kwa watu, akijiombea mke kwa kababu za kuku.

Sebuleni, mama yake Darubini, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, alikuwa ameizima sauti ya televisheni. Alisema kichwa kinamuuma. Ukweli ni kwamba televisheni ilikuwa inamzuia kusikia.

Baada ya muda akaingia jikoni kuchukua glasi ya maji. Alikuwa amechukua nyingine muda si mrefu, ikiwa bado imejaa mezani kwake.

"Fundi, mkeo wa zamani alikuwa hapiki?"

"Alikuwa anapika, Mama. Vizuri tu."

"Sasa wewe jikoni ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa napenda kukaa anapokaa mtu."

Jibu zuri. Bi Mkubwa hakupenda majibu mazuri. Alitazama mikono ile mikubwa, yenye kovu la patasi kwenye kidole gumba, ikichambua mapaja ya kuku mifupani na kuyakatakata kwa kisu, ikirudia na kurudia mpaka nyama ikawa laini bila kuwa uji. Mashine ya kusagia ilikuwepo kabatini. Aliikataa, akasema inaikamua nyama utamu. Bi Mkubwa akamshika bintiye kiwiko, akamtoa mpaka ukumbini.

"Mwanamume anayejua jiko kiasi hiki," alinong'ona, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, "ana jiko lingine mahali."

"Mama, jamani."

"Mimi sisemi kitu. Jumamosi jioni huwa yuko wapi?"

Swali hilo Darubini alikuwa ameshalala nalo usiku mwingi. Kila Jumamosi, jua likianza kulegea, simu ya Seremala iliita bila kupokelewa mpaka giza liingie. Akiulizwa, alikuwa na kazi. Lakini karakana yake ilifungwa Jumamosi mchana. Darubini alijua, maana alipita pale kwa bahati tu, na bahati hiyo ilikuwa imemtokea zaidi ya mara moja.

Si kwamba alipenda kufuatilia watu. Alifundishwa. Mume wake wa kwanza alikuwa mtu wa safari za kikazi, hadi siku Darubini alipobadilishiana zamu na mwenzake, akakaa yeye kwenye dirisha la kutolea majibu. Akaja baba mmoja amembeba mtoto mwenye homa, kainama dirishani kuuliza kama majibu tayari. Wakatazamana. Mtoto alikuwa na paji la uso la baba yake, lilelile. Darubini alimpa majibu, akamweleza dawa zinavyotumika, akamwita mgonjwa anayefuata. Alilia baadaye, stoo, kati ya maboksi ya glavu.

Tangu hapo, mtu akimwambia neno tamu, aliligeuza kwanza aone nyuma yake kuna nini.

Aliporudi jikoni, Seremala alikuwa amelowesha chembe za mkate kwenye maziwa na kuzichanganya na nyama, yai, kitunguu saumu, giligilani na chumvi. Alichota kipande kidogo, akakikaanga peke yake, akakipuliza, akakileta kwenye ncha za vidole vyake.

"Nionjee chumvi. Sitaki mama yako anifukuze kwa chumvi."

Darubini alifungua kinywa. Vidole vya Seremala viligusa mdomo wake wa chini, vikakawia kidogo kuliko chumvi inavyohitaji. Macho yao yakakutana karibu hivyo, na kwa muda ule alisahau Jumamosi zote. Alisahau hata kutafuna.

"Iko sawa?"

"Iko sawa," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba, akajikasirikia.

Kisha akaona.

Pilipili mbichi zilikuwa tayari zimekatwa kwenye kibao. Seremala alizichukua kwa ubapa wa kisu, lakini kabla hajazimimina, mkono wake wa pili uliingia kwenye bakuli, ukachota sehemu ya nyama, ukaiweka kwenye kibakuli kidogo na kuifunika kwa kisahani. Haraka, bila kuangalia, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati lake. Halafu akamimina pilipili kwenye iliyobaki, akaendelea kuchanganya.

"Hizo za nani?"

"Zipi?"

"Ulizozificha chini ya kisahani."

"Sijazificha. Nimezifunika."

"Za nani?"

Seremala alitazama dirishani. Nje hakukuwa na kitu ila nguo za jirani kwenye kamba. "Mazoea tu."

"Mazoea ya kumpikia nani?"

"Darubini, tule kwanza."

"Nyumba hii wote tunakula pilipili. Mama yangu anazitafuna kama karanga. Wewe mwenyewe ukila kwangu unaomba ya kuongeza. Asiyekula pilipili ni mtoto, au mgonjwa, au mjamzito. Nichagulie."

Seremala alilowesha viganja maji, akaanza kufinyanga. Za pilipili alizitengeneza kubwa, bapa, kila moja akaibonyeza katikati kwa kidole gumba ili isifure kwenye mafuta. Zile nyingine, mkono ulikataa kusema uongo. Zilitoka ndogo, nyembamba, za kinywa kidogo.

"Ni mtoto," Darubini alisema.

"Si mtoto. Nakuapia."

"Usiniapie. Niambie."

"Nikikwambia utacheka, au utaondoka. Nimeshaonyeshwa yote mawili."

"Kumbe tuko wengi tuliopikiwa."

"Mimi sisemi kitu," sauti ya Bi Mkubwa ikatoka sebuleni.

Kikaango kilikuwa kimepata moto. Seremala aliziteremsha kababu moja moja kwenye mafuta, zikachacharika, harufu ikajaa nyumba, na ilikuwa harufu ya kuwapatanisha watu, kama watu wangetaka. Darubini alichukua mwiko apate kitu cha kufanya, akaibonyeza moja.

"Usizikandamize. Zinatoa maji yote."

"Zinajificha vizuri, eti? Nje zimekauka, ndani hujui."

"Subiri zishike rangi, zitageuka zenyewe bila kuvutwa. Ukilazimisha, zinang'ang'ania."

"Mimi si kababu."

"Najua wewe si kababu, mpenzi."

"Leo jioni unakwenda wapi?"

 Seremala akageuza moja, ilikuwa ya dhahabu, nzuri kuiangalia. Akageuza nyingine.

"Nakuja na wewe," Darubini alisema.

"Siku nyingine nitakupeleka. Leo hapana."

"Leo. La sivyo hizi kababu uzibebe zote, na aproni uiache hapo msumarini, na usije tena kuangalia droo."

Seremala alimtazama. Darubini aliyazoea macho yale yakiwa na mzaha, lakini sasa yalikuwa kama ya mgonjwa anayeombwa mkono atolewe damu. Alizima jiko. Akazipanga zile ndogo kwenye hotipoti, akafunika.

"Sawa. Ila jambo moja. Tukifika pale, usiseme wewe ni nani wangu."

 Kumbe ndivyo. Kumbe hata kufichwa, atafichwa mbele ya macho yake mwenyewe. Darubini akachukua mkoba.

Mlangoni Bi Mkubwa alikuwa ameshasimama na kababu mkononi, ameimega nusu. "Simu ina chaji?"

"Ina chaji, Mama."

"Ukimkuta mwanamke, usipigane. Nipigie mimi." Akatafuna. Akatazama ile nusu iliyobaki kwa masikitiko. "Na anavyojua kupika, mshenzi huyu."

Pikapu ya Seremala ilinuka mbao na gundi. Darubini alikaa na hotipoti mapajani, joto lake likimpenya kupitia gauni, akawa kama amempakata mtoto wa mwenzake.  Walipita soko, wakapita kiwanda cha magodoro, wakaingia mtaa wa nyumba za chini zenye vibaraza. Seremala akasimamisha gari. Kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho palikuwa na ndala za kike, nyekundu, mpya.

"Nzuri," Darubini alisema. "Ulimnunulia wewe?"

"Ndiyo."

Darubini alishika kitasa cha mlango wa gari. Seremala akamshika mkono.

"Humu anakaa mama wa mke wangu."

"Mkeo wa zamani."

"Yeye hajui kwamba ni wa zamani."

Darubini akaachia kitasa.

Seremala akaeleza, akiongea na usukani. Mkewe alipopata kazi mji mwingine walishaamua kuachana, hakuna aliyemtupia mwenzake sahani, walichoka tu. Lakini mama alikuwa ametoka kulazwa, tumbo lina vidonda, moyo haueleweki. Binti akamwomba: usimwambie, nitamwambia mwenyewe akipata nguvu. Hakusema tena. Na Seremala, aliyekuwa akimpelekea chakula kila Jumamosi, akaendelea kupeleka. Kababu hizo alifundishwa na huyo mama mwenyewe, alipokuwa bado ana meno ya kutafunia nyama nzima.

"Mwanamke wa kwanza niliyemwambia alicheka, akasema nimeachwa na mke nikashindwa kuachana na mkwe. Wa pili akaniambia nichague. Sikujua nianzie wapi na wewe."

"Kwa hiyo kila Jumamosi unakuja kuwa mume wa mtu."

"Nakuja kuwa mkwe wa mtu."

"Na miezi yote hii umemdanganya mgonjwa usoni, asijue. Na mimi pia." Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya kutolea majibu mabaya. "Unajua kinachoniogopesha? Si huyo mama. Ni kwamba unaweza. Aliyekutangulia alikuwa anaweza pia."

 Seremala akachukua hotipoti, akashuka, akabisha hodi, Darubini nyuma yake.

Mama Mkwe alikuwa mrefu, mkavu, ameshikilia fremu ya mlango kama mwenye nyumba na si kama mgonjwa. Alimtazama Darubini kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka.

"Shikamoo, Mama," Darubini alisema.

"Marahaba. Umekuja na mgeni, mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Ni mteja. Wa… wa kabati." Seremala aliyasema hayo akitazama dirisha.

"Mteja. Karibu, mteja."

Ndani palikuwa safi, na kila kitu cha mbao kilikuwa kazi ya mkono mmoja: meza, stuli, kishikizo cha ukutani kilichowekwa njiani kuelekea chooni ili mtu asianguke. Darubini aliviangalia vyote. Alitafuta kanga ya mwanamke kijana, pochi, chochote. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi, na bwana harusi ni huyu aliyesimama hapa na hotipoti.

"Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, Mama. Anakusalimu. Kazi zimembana." Dirishani tena. Sasa hata kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

"Masikini. Na mafua yake?"

"Mafua… yamepungua."

"Mbona wiki iliyopita ulisema ni jino?"

"Jino. Ndiyo. Jino nalo limepungua."

"Nenda kazipashe moto, zimepoa," Mama Mkwe alisema, na Seremala akakimbilia jikoni kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Wakabaki wanawake wawili. Mama Mkwe akajivuta kwenye kiti. "Haya, mteja. Hilo kabati lako la milango mingapi?"

Darubini alifungua kinywa. Aliombwa asiseme. Angeweza kutaja milango yoyote, akanyamaza, akarudi nyumbani kwa mama yake. Lakini yeye siku zote alitoa majibu kama yalivyo, hata yanapomkata mwenyewe.

"Sina kabati, Mama."

"Nilijua."

"Ananichumbia."

"Hilo nalo nilijua. Wiki hizi zote anakuja hapa amenyoa ndevu." Mama Mkwe akakunja mikono juu ya magoti yake. "Afadhali kati yenu mmoja anajua kusema kweli. Huyu wetu hajui kudanganya hata kidogo. Kila akinipa salamu za binti yangu, anazungumza na dirisha. Nikimuuliza jambo mara mbili, anachanganyikiwa mpaka namwonea huruma, inabidi nimsaidie. Leo mafua, kesho jino."

"Kwa hiyo Mama unajua kuwa…"

"Mwanangu nimemzaa mimi, ataachwa nisijue? Alinipigia simu siku ileile, analia. Nikamwambia, usimwambie mwenzio kwamba umeniambia." Kwa mara ya kwanza yule mama alitazama chini. "Kama ningesema najua, angekuja kwa sababu gani? Mkwe si damu. Mke akiondoka, mkwe anaondoka naye. Nikaona bora anidanganye, lakini aje."

Jikoni kikaango kilikuwa kinachacharika taratibu. Darubini alisikiliza sauti ile. Dirishani. Hata leo jikoni kwao, alipomuuliza za nani, alitazama nguo za jirani. Mume wake wa kwanza alikuwa akimtazama machoni kabisa, bila kupepesa, akimtajia hoteli alizolala.

"Sasa na mimi nikuulize, na wewe unijibu hivyohivyo," Mama Mkwe alisema, na macho yake yakawa makali tena. "Umekuja kumchukua?"

"Nilikuja kumfumania, Mama."

Yule mama akacheka mpaka akashika tumbo. "Sasa umemfumania. Unamfanyaje?"

"Bado naangalia."

"Angalia vizuri, mwanangu, ni haki yako. Lakini ukiolewa naye, Jumamosi zangu zinakwenda? Sema tu. Mimi si mtu wa kuzimia."

Darubini hakuwa amejua, mpaka swali lile lilipotua, kwamba kuna mtu mwingine ulimwenguni aliyekuwa akimwogopa yeye kama yeye alivyoziogopa ndala nyekundu. Alisogeza kiti chake karibu.

"Haziendi. Ila dirisha hilo tutaliwekea pazia."

Seremala alitokea na sahani. Aliwakuta wameinamiana wanacheka, akasimama mlangoni, uso hauna damu.

"Mkalishe chini kabla hajamwaga kababu zangu," Mama Mkwe alimwambia Darubini. "Mwanangu, acha salamu za uongo. Najua. Nimejua siku zote. Njoo tule."

Alibaki amesimama. Macho yake yakahama kwa yule mama, yakaja kwa Darubini, na hayakwenda dirishani. Yalikuwa yamejaa. Darubini alimpokea sahani, na mikono yao ilipogusana chini yake hakuna aliyeharakisha kuuondoa wake.

Simu ikalia mkobani.

"Kimya kimezidi," Bi Mkubwa alisema upande wa pili. "Umemkuta mwanamke?"

"Nimemkuta, Mama."

"Si nilikwambia? Mimi nilisema. Yukoje?"

"Mrefu. Mzuri. Ana maneno kama wewe." Darubini alimtazama Seremala, aliyekuwa ameshikilia mgongo wa kiti kama fundi anayepima kama kitabeba uzito. "Amekaa hapa mbele yangu. Anataka kujua utakuja lini, mkae mzungumze habari za mkwe wenu."

 Seremala akakaa, polepole, bila kuangalia kama kiti kipo.